Ukishaiingiza, Unajuaje Imekubali?

Mvua ya Machi ilikuwa inapiga bati la ukumbi wa kanisa pale Uyole, Mbeya, kiasi kwamba nilikuwa napayuka badala ya kuongea. Walikuja wakulima arobaini hivi wa vikundi vya mbegu za maharage, wengi wao kutoka Umalila na Inyala, makoti yao yakitoa mvuke. Mimi nilialikwa kama "mtaalamu". Nilipewa dakika ishirini nieleze mbegu zilizobadilishwa vinasaba (GMO) ni kitu gani, maana kila msimu lazima atokee mtu wa kuuliza kama Njano Uyole, maharage ya kituo cha utafiti cha hapo Uyole, nayo ni GMO. (Siyo. Mbegu za Uyole zimepatikana kwa kukutanisha ua na ua, kisha kuchagua na kuchagua tena kwa miaka.)

Nikaeleza. Nikaonyesha kwenye projekta picha za mizizi iliyogeuka bluu. Nikasema jeni, yaani kinasaba, inachukuliwa huku, inaingizwa kule. Wakanipigia makofi kidogo.

Ndipo mzee mmoja wa Umalila, kofia ya sufu kichwani, akanyanyuka bila haraka.

"Mwalimu, nimekusikia. Lakini ukishaiingiza, unajuaje imekubali?"

"Tunapima, mzee wangu."

Akanitazama.

"Haya," akasema, akakaa.

Hiyo "haya" nimetembea nayo wiki sita.

## Kazi ya kisu

Aliyekulia Mbeya anaijua haya ya namna ile. Siyo ya "nimeelewa". Ni ile unayompa fundi anapokuahidi kwamba mlango utakuwa tayari Jumanne.

Na neno alilolichagua lilikuwa zuri kuliko yangu yote. Kukubali. Huku kwetu kila mwenye shamba la parachichi analitumia: umebebesha mche, umefunga nailoni, unangoja wiki kadhaa uone kikonyo, kile kitawi ulichokipachika, kimekubali au kimegoma. Hakuna anayesherehekea eti kikonyo kimeingia kwenye shina. Kuingia ni kazi ya kisu. Kukubali ni shauri la mche wenyewe.

Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya watu wazima nikasimulia kazi ya kisu kwa dakika ishirini.

## Mmea usiopikwa

Kazi hii nilijifunzia Ulaya, miaka miwili na nusu, juu ya mmea ambao ungeuona shambani kwako Isyesye ungeung'oa. Unaitwa Lotus japonicus. Ni wa jamii ya mikunde, ndugu wa mbali wa maharage na njegere, una maua ya manjano, viganda vyembamba, na mbegu ndogo zinazokaribia za mchicha.

Mama aliniuliza kwenye simu, "Unaliwa majani au mbegu?"

Nikamwambia hauliwi.

"Sasa?"

Sasa ni hivi, mama. Mwaka 1992 watafiti wawili wa Aarhus, Denmark, Kurt Handberg na Jens Stougaard, walipendekeza mmea huu uwe wa mfano kwa mikunde yote. Una jozi 6 tu za kromosomu, unajichavusha wenyewe, na kutoka mbegu hadi mbegu ni miezi mitatu hivi. Kubwa zaidi, kipande chake kikishaingiziwa jeni kinaweza kuota upya kikawa mmea mzima. Hilo la mwisho ndilo linalolishinda harage. Weka kipande cha harage kwenye chupa ya maabara: kinavimba, kinakuwa kahawia, kinakufa. Wapo waliofanikiwa, lakini kwa jasho. Ndiyo maana mengi tunayoyajua kuhusu vinundu vya mizizi, vile vijivimbe ambamo bakteria hugeuza hewa kuwa mbolea, yamepitia kwenye gugu. Jeni mbili ambazo mzizi huzitumia kumtambua bakteria rafiki, NFR1 na NFR5, zilitangazwa mwaka 2003 kutoka kwenye Lotus, si kutoka kwenye chakula cha mtu.

Kisu chenyewe ni bakteria. Agrobakteria wa udongoni huambukiza mimea kwa kuiingizia kipande cha DNA yake, mmea unaota uvimbe shinani. Watafiti waliondoa jeni za uvimbe wakabakiza ule ujuzi wa kuingia. Unachana kwa wembe shina changa la mche, unaliloweka kwenye supu ya bakteria, kisha unavipanga vipande juu ya agari, jeli ya maabara, yenye dawa inayoua kila seli ambayo haikupata jeni. Halafu unangoja miezi minne, mitano. Unaamka, unaenda kuangalia madonge ya kahawia. Yananuka kama uji uliosahauliwa. Asubuhi moja juu ya donge kuna kitu cha kijani, kidogo kama ncha ya kalamu.

Siku ile nililia. Nikiwa peke yangu, kwenye ule usiku wa baridi wa Ulaya unaoingia saa kumi jioni.

## Bluu ya uongo

Lakini kijani kinakuambia jeni imeingia, basi. Ili kujua kama inafanya kazi tunaifunga pamoja na alama. Alama yangu ilikuwa GUS, jeni iliyotoka kwa bakteria wa tumboni, ambayo Richard Jefferson na wenzake walionyesha mwaka 1987 kwamba inaweza kutumika kwenye mimea. Jeni hii ikifanya kazi hutengeneza kimeng'enya. Unachukua kipande cha mmea, unakiloweka usiku kucha kwenye dawa ya X-Gluc, nyuzi 37, asubuhi unakiosha kwa spiriti hadi ukijani wote utoke. Palipo na kile kimeng'enya panabaki bluu. Kipande chenyewe kinakuwa kimekufa. Unakiua ili kikuambie ukweli.

Jaribio langu la kwanza kabisa, siku chache tu baada ya kuloweka vipande, lilitoka bluu tupu. Nikapiga picha. Nikamtumia mdogo wangu WhatsApp, naye akaisambaza kwenye kundi la familia, na shangazi wa Tukuyu akaandika Bwana asifiwe.

Siku ya tatu mama mmoja wa makamo, fundi wa ile maabara, akainama kwenye hadubini yangu akakaa kimya kwa muda. Kisha akaniita nitazame vizuri. Bluu ilikuwa kwenye kidonda, juu juu, ukingoni mwa kipande. Ndani hakukuwa na kitu.

Walikuwa ni agrobakteria. Walikuwa bado hai na wanaisoma ile jeni wenyewe.

Dawa ya hilo ilikwishapatikana zamani: ndani ya jeni unachomeka introni, kipande cha ziada ambacho mmea unajua kukikata na bakteria hajui. Bluu ikitokea, basi ni ya mmea. Mimi nilikuwa nimechukua kwenye friza kichupa cha jirani, cha zamani, kisicho na introni, kwa sababu mwandiko wa lebo ulifanana na wa kwangu. Miezi miwili ikaenda na maji. Shangazi sikumwambia, na nadhani hadi leo anaisifu ile picha.

Nilirudia kwa jeni yenye introni. Safari hii niliifunga kwenye swichi ya vinunduni. Kila jeni ina swichi yake inayosema iwake wapi na lini. Ipo moja maarufu, imetoka kwenye kirusi cha koliflawa, ambayo huwasha karibu kila mahali. Yangu ilitakiwa iwashe kwenye vinundu tu. Jambo hilo linawezekana: mwaka 1986 watafiti wa Denmark waliweka jeni yenye swichi ya soya kwenye ndugu wa Lotus japonicus, na ikawaka vinunduni peke yake, kama vile iko nyumbani. Soya na Lotus hawajawahi kuoana tangu dunia iumbwe, lakini swichi ya mmoja ilisomeka kwa mwingine.

Mwishowe nikapata miche 31, na kila mche ukawa mwanzo wa ukoo wake. Kipimo cha PCR, kile kile cha kutafuta vinasaba tulichokizoea wakati wa UVIKO, kilisema wote 31 wana jeni.

Kuingia: 31.

Kisha nikaloweka mizizi. Koo 19 zilitoa bluu kwenye vinundu, nilivyotaka. Tano zilitoa bluu hadi kwenye majani, ambako sikuiomba. Saba hazikutoa chochote.

Jeni ile ile, swichi ile ile, mkono ule ule. Agrobakteria haitui mahali unapomwelekeza. Inaiacha jeni popote kwenye kromosomu, na jirani aliyepo hapo ana sauti. Ikitua karibu na jeni yenye kelele, inaweza kuamshwa kusikostahili. Ikitua kwenye eneo lililokunjwa likafungwa, inalala.

## Ukoo namba 14

Namba 14 ndiyo ilikuwa bluu kuliko zote. Ndiyo ile picha ya Uyole.

Niliikuza hadi ikatoa mbegu. Nikapanda 16. Miche 12 ilikuwa na jeni na minne haikuwa nayo, tatu kwa moja kama Mendel alivyotuahidi darasani. Nikasubiri vinundu, nikaloweka.

Kati ya ile 12, bluu ilitoka kwenye miwili, nayo imepauka kama sare ya shule iliyofuliwa mihula mitatu.

Nikarudia. Nikabadilisha dawa, nikapima joto la kabati, nikamshuku kila mtu akiwemo mwenye friza. PCR ikarudi na jibu lile lile: jeni ipo. Kizazi kilichofuata hakikutoa hata tone.

Nilipohesabu nakala za jeni ndani ya namba 14 nikakuta nne, na ninaamini hapo ndipo palikuwa na kisa. Nakala zikirundikana, hasa zikitazamana, mmea unaweza kuziona kama kirusi. Una mtambo wa kuwinda ujumbe wa kirusi na kuukatakata, na unao pia wa kuibandika jeni alama za kemikali ili isisomwe tena. Hili lilionekana kwa mshangao mwaka 1990, pale watafiti walipoongeza jeni ya rangi kwenye maua ya petunia wakitegemea zambarau iliyokolea. Baadhi ya mimea ikatoa maua meupe pe. Jeni waliyoiongeza ilinyamazishwa, na ikamnyamazisha na mwenyeji.

Msimamizi wangu alinishauri niendelee na koo tatu zenye tabia nzuri. Ushauri wa kawaida, na sahihi. Kwenye tasnifu namba 14 ilipata mstari mmoja, kwenye kiambatisho, herufi ndogo. Picha yake ya kizazi cha kwanza nikaibakiza kwa sababu ilikuwa nzuri.

Sikudanganya popote. Kila sentensi ya ile tasnifu naweza kuisimamia.

Ila nilipomjibu mzee "tunapima", nyuma yangu ukutani, ukubwa wa mlango, ilikuwa picha ya mmea uliogoma.

## Inyala, katikati ya Aprili

Nilikwenda kumsaidia mama mdogo palizi ya mwisho. Maharage yalikuwa yameanza maua. Upande wa juu wa shamba yamenawiri, upande wa chini, karibu na migomba, yamepauka. Kwa mazoea nikang'oa shina moja la kila upande, kwa kuchimba, si kwa kuvuta, maana ukivuta vinundu vinabaki ardhini.

Yote mawili yalikuwa na vinundu. La chini, ukitaka ukweli, lilikuwa navyo vingi zaidi.

"Si vipo?" mama mdogo akasema. "Yule bwana shamba alisema vikiwepo mbolea ya kukuzia haina haja sana."

Nikavipasua kwa ukucha. Vya juu ndani vilikuwa vyekundu vya waridi, kama fizi. Vya chini vilikuwa vyeupe kama punje ya mchele mbichi.

Ule wekundu ni leghemoglobini, ndugu wa kile kinachofanya damu yetu iwe nyekundu. Kazi yake ni kuishika oksijeni, kwa sababu kimeng'enya kinachogeuza hewa kuwa mbolea huharibika kikikutana nayo ikiwa huru. Mwaka 2005 ilichapishwa kazi iliyofanywa kwenye Lotus, ambapo leghemoglobini ilinyamazishwa kwa makusudi. Mimea iliota vinundu. Bakteria waliingia. Mbolea haikutengenezwa, na mimea ikawa na njaa hadi ilipowekewa nitrojeni kwa mkono.

Nikamweleza mama mdogo, nikiwa nimechuchumaa, matope hadi kwenye magoti. Akachukua kinundu cheupe, akakisugua kati ya vidole.

"Kwa hiyo wameingia, wamejengewa, na hawafanyi kazi."

"Ndiyo, mama."

"Kama wapangaji wangu."

Alicheka peke yake kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeshafika mbali kidogo. Nilikuwa nafikiria kwamba mwanamke ambaye hajawahi kuona PCR amelielewa kwa kinundu kimoja jambo ambalo watu arobaini nimeshindwa kuwapa kwa projekta. Na kwamba nilikuwa nalo jibu la mzee tangu Ulaya. Nilikuwa nimelifungia kwenye kiambatisho.

## Kelele za pande mbili

Hapa nitawaudhi baadhi yenu.

Mjadala wa GMO nchini tunaufahamu, sina haja ya kuurudia: mahindi ya majaribio ya Makutupora, Dodoma, yaliyopandwa 2016, agizo la kusitisha la 2018, na maneno yote katikati. Mimi sikereki na msimamo wa upande wowote. Kinachonikera ni kwamba pande zote mbili zinaamini kisu. Anayeogopa anaongea kama vile jeni ikishaingia imetawala, itafanya itakavyo na kila mahali. Anayeshangilia naye anaongea hivyo hivyo, ila kwa tabasamu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa na ukoo namba 14.

Watu wa Brazili walikaa nao. Maharage yao yalikuwa yanaangamizwa na kirusi cha manjano ya dhahabu kinachoenezwa na inzi weupe. Watafiti wa shirika lao la kilimo, Embrapa, waliutumia ule ule unyamavu ulionitesa mimi: waliingiza kipande kinachoufundisha mmea kukatakata ujumbe wa kirusi. Koo walizopata zilikuwa 18. Iliyoonyesha ukinzani mkubwa ilikuwa moja, iliyopewa jina 5.1, na ndiyo iliyoidhinishwa mwaka 2011.

Moja kati ya 18. Wanaoitaja mbegu hiyo kama ushindi huwa hawaitaji ile 18, na wanaoitaja kama hatari pia hawaitaji. Mimi nikiitafakari naona ndiyo habari yenyewe: miaka ya watu kusimama kwenye nyumba ya mimea wakiuliza swali la mzee wa Umalila, ukoo baada ya ukoo, na mara 17 kuambiwa hapana.

Sijui kama ningewaambia hivyo pale ukumbini wangenisikiliza vizuri zaidi, au wangesema kumbe hata nyie hamna uhakika. Hofu ya hilo la pili ndiyo iliyonifanya niseme "tunapima" na kunyamaza. Niseme ukweli: niliogopa kuonekana sijui.

## Mwezi wa sita

Juzi nilipata namba ya yule mzee kwa mwenyekiti wa kikundi chao. Nikapiga jioni.

"Shikamoo mzee. Ni yule mwalimu wa mizizi ya bluu."

"Marahaba. Wa siku ile ya mvua."

Nikamweleza yote. Kichupa cha jirani, 31, 19, namba 14, na kwamba ile picha niliyowaonyesha ilikuwa ya mmea ambao watoto wake waligoma. Nikamwambia kwamba kujua imekubali siyo kipimo kimoja: unaangalia kama ipo, unaangalia kama inasomwa, inasomwa wapi, halafu unaangalia watoto wake na wajukuu wake, na unaangalia shambani, kwenye baridi na kwenye mvua, kwa sababu inaweza kukubali leo ikagoma kesho.

Alisikiliza bila kunikatiza. Nilikuwa nasikia ng'ombe nyuma yake.

"Sasa umenijibu," akasema.

Nikamuuliza kuhusu mbegu mpya walizogawiwa siku ile, zile za kawaida za Uyole, kama amezipanda.

"Mistari mitatu. Kingine chote nimeweka ya kwangu ya siku zote."

"Na zinaendeleaje?"

"Zimeota."

Nikangoja aendelee. Hakuendelea. Nikamwomba, kama haitakuwa usumbufu, nije kuziangalia wakati wa kuvuna.

"Njoo mwezi wa sita," akasema. "Uje na sweta."